Mgomba Tuliouzika Naitiri

Kabla ya kuvaa kola nilikuwa askari jela Kitale. Nimetenganisha wanaume walioumana masikio kwa sababu ya sahani ya maharagwe. Kwa hiyo nilipoacha rungu, mama mzima mwenye wajukuu, nikaenda kusomea ukasisi, majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. "Ati huyu? Si atatucharaza kanisani!" Walicheka tena askofu aliponifanya shemasi mkuu, msimamizi wa makasisi wote upande wa Bungoma. Makasisi wenyewe hawakucheka. Walininunia.

Mazishi yangu ya kwanza katika cheo hicho yalikuwa Naitiri. Marehemu aliacha wake wawili na chuki ya kutosha kijiji kizima. Kwa desturi mume huzikwa kwa mke mkubwa, na huko kaburi lilikuwa tayari. Lakini alfajiri wana wa mke mdogo walichimba lao, mbele ya nyumba ya mama yao. Kwetu kaburi ndilo linalosema shamba ni la nani. Tena kaburi likishachimbwa halilali wazi. Likikosa maiti, linaita mtu wa nyumba hiyo.

Sijamaliza hata sala ya kwanza, wakalirukia jeneza. Huku wanavuta, kule wanavuta, mpaka likaanguka kiubavu, mfuniko ukapasuka na mkono wa mzee ukatokeza nje. Yesu wangu! Panga likashuka, na mwana mmoja wa mke mkubwa akakaa chini ameshika sikio lililobaki likining'inia. Kasisi wa parokia alikuwa ameshakimbilia gari lake.

Mwenye panga, kifungua mimba wa mke mdogo, aliliinua tena. Sikufikiri. Nilimkamata mkono nikausokota nyuma vile tulivyofundishwa jela, panga likaanguka na yeye akala vumbi. Nikamkalia mgongoni na kanzu yangu nyeupe. Nilikuwa na hasira, jamani, sitadanganya, nilitamani avunjike.

"Mama, niachilie!" alilia. "Hiyo shimo yetu itabaki wazi. Itachukua mmoja wetu. Heri ichukue wa kule!"

Kumbe ilikuwa hofu. Na wazee wote pale walijua dawa yake: kaburi lililokosa maiti huzikwa mgomba. Hakuna aliyethubutu kusema, maana sisi wa kanisa tumewakemea miaka yote ati huo ni upagani.

"Kateni mgomba," nikasema.

Mzee tulimzika kwa mke mkubwa. Kisha nikavuka ua, damu ya watu kwenye kanzu, nikausomea mgomba sala za mazishi mwanzo mpaka mwisho. Mke mdogo, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametoa chozi, aliulilia mpaka akashikwa mabega. Yule kijana wake alifukia shimo kwa mikono.

Habari ilinitangulia Bungoma, na najua ilipanda gari la nani. Sijavua hata kanzu, askofu akapiga simu.

"Mama, ati umezika mgomba? Kwa kitabu cha sala cha kanisa?"

"Ndiyo, Baba Askofu."

"Na hiyo kazi bado unaitaka?"

"Naitaka sana. Lakini shimo lilikuwa wazi na mapanga yalikuwa nje. Ulitaka nimzike nani?"

Akauliza kama yule wa sikio ameshonwa.