Shosho Aliyeuawa Kwenye Gemu ya Pili

Nilitoka Lodwar kwa lori la samaki wakavu, nimeketi kati ya dereva na utingo wake, na kufika Kitale nilikuwa nanuka kiasi cha kujichukia. Tulilala Eldoret, gurudumu likapasuka kabla ya Nakuru, tukapita Limuru ndani ya ukungu. Njia nzima niliwaza kitu kimoja. Rafiki yangu wa Kariobangi alikuwa amenitumia ujumbe: gemu ya pili imetoka, rudi tuimalize. Nina miaka arobaini na kitu, nimefanya kazi katika miji mingi bila kukaa hata mmoja, na sasa nilikuwa narudi kwa ajili ya gemu. Nilikusudia kubaki. Alisema chumba chake cha gemu kinahitaji mtu wa pili, nami nilikuwa nimechoka kuhamahama.

Gemu ya kwanza ilikuwa hivi. Askari ameanguka na chombo chake kwenye sayari yenye vumbi la zambarau, na mwenzake pekee ni roboti kuukuu. Ilichezwa na watu wawili, bega kwa bega, televisheni moja imegawanywa katikati. Risasi zilikuwa chache, kwa hiyo mlilazimika kupeana, na hapo ndipo chumba kilipolipuka kwa kelele. "Mgawie! Wacha uchoyo, mgawie!" Viumbe wa sayari ile walikuwa na akili. Walijifanya wamekufa, wakakuzungukia nyuma. Na hakuna aliyesema neno hata moja. Hadithi yote ilikuwa milio na ishara.

Maneno aliyatia rafiki yangu. Sisi tuliokulia mitaa hii, sinema ya kigeni ilikuwa haijakamilika mpaka mtu aitangaze kwa lugha ya mtaani, naye aliitangaza gemu vivyo hivyo huku akicheza. Roboti alimwita Shosho, yaani bibi kizee, kwa sababu magoti yake yalilia akipanda ngazi. Jitu lililogonga mlango wa chuma mwisho wa kila hatua alilibatiza Mwenye Nyumba. "Shosho, zima taa, lala chini! Mwenye Nyumba amekuja na leo haondoki!" Waliokuja kutazama tu, kwenye benchi refu nyuma yetu, walicheka mpaka wakaegemeana. Mimi ndiye niliyekuwa Shosho, siku zote.

Nilimkuta mlangoni, amenenepa.

"Niaje, buda! Unanuka soko zima la Gikomba."

"Poa. Shosho amerudi. Nipe pedi ya kuchezea."

Alicheka, lakini alitazama pembeni. Lile benchi nililiona nje, limepangwa mitungi ya maji. Ndani kulikuwa na viti vya plastiki, kila kimoja na televisheni yake ndogo, na kila kichwa kilikuwa na hedifoni. Watu walijaa, na chumba kilikuwa kimya kama foleni ya hospitali.

Alinipa kiti. Shosho alikufa kabla sijashika bunduki. Natamani ningesema nilishindwa kumwokoa, lakini hakuna aliyeniomba nimwokoe. Picha inapita tu, jiwe linamponda, askari anatamka maneno mawili ya Kiingereza, halafu anaambiwa aendelee na safari. Peke yake. Hakuna mchezaji wa pili. Waliotengeneza gemu hii walikaa kitako, wakaangalia kitu kilichotuketisha pamoja miaka yote ile, wakaamua kuanza kwa kukiua.

Niliicheza asubuhi baada ya asubuhi, nisije nikaionea. Nakiri picha ni nzuri. Mvua inagonga kofia ya askari mpaka unataka kujifuta uso. Lakini risasi zimemwagwa kila kona kama maharagwe ya gunia lililotoboka. Viumbe wamekuwa wajinga, wanasimama wakingoja kupigwa. Mshale unakuonyesha pa kwenda, kana kwamba huna macho. Na wanaongea! Kila mtu anaongea, muda wote, anakueleza unachokiona. Hakuna mwanya wa mtu kutia neno lake.

"Ni takataka," nilimwambia.

"Inajaza viti."

"Wewe unaipenda?"

"Buda, wewe ulienda. Mimi nilibaki na hawa. Hawa hawataki stori, wanataka kupiga."

"Nimekuuliza wewe."

"Mimi nataka wakuje," akasema, akarudi kufuta televisheni zake.

Nilimwomba tuirudishe ile ya zamani, hata kwenye pembe moja, kwenye televisheni moja. Akasema mashine yake iliharibika na mafundi waliimaliza kwa kuing'oa vipuri. Alisema kwa upole, na upole ule uliniudhi kuliko matusi. Kama hakukuwa na pedi ya pili, mtu wa pili angefanya nini pale? Afagie?

Siku niliyoondoka nilipita kumuaga mchana. Stima ilikuwa imepotea, umeme hakuna kabisa. Wateja walikuwa bado vitini, hedifoni shingoni, wakitazama skrini nyeusi. Mmoja wao, fundi wa vyuma aliyelijua benchi la zamani, akapaza sauti: "Si utupigie stori ile ya Shosho?"

Rafiki yangu alinitazama. Akainuka polepole, akakohoa.

"Shosho hakufa," alianza. "Nani amewadanganya? Jiwe lilimwangukia, sawa. Lakini yule ni shosho wa huku, amezoea kubanwa. Yuko chini pale, magoti yanalia, amebaki na risasi moja. Na nani huyo anagonga?"

"Mwenye Nyumba!" wakaitikia, hata wale ambao hawakuwahi kuiona gemu ile.

Niliweka mfuko chini. Viti vilikuwa vinasogezwa karibu. Alinyoosha mkono kama bunduki, akashusha sauti, na hapo stima ikarudi. Televisheni zote zikawaka kwa pamoja. Hedifoni zikapanda masikioni, viti vikageuka, naye akabaki ameunyoosha mkono.

"Malizia," nilimwambia.

"Stima imerudi, buda."

"Nimeona. Malizia."

Akaushusha mkono, akaenda kumsaidia mteja ambaye picha yake haikuonekana vizuri. Nikachukua mfuko wangu. Sijarudi Kariobangi tangu siku hiyo, na mpaka leo Shosho yuko chini ya lile jiwe na risasi yake moja.