Nesi alipozipanga upya ndala zetu, shangazi akapasuliwa kabla ya adhuhuri

Wakuu, poleni na majukumu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, nawaletea yalivyo.

Shangazi yangu wa Somanga alikuwa na uvimbe wa mafuta mgongoni, mkubwa kama limao. Kulala chali alishasahau.

Daktari wa upasuaji mdogo wa ngozi huja hospitali yetu mara moja kwa wiki. Shangazi alisharudishwa mara mbili, muda umeisha. Tulipokuwa Nangurukuru tunabadilisha gari akaniambia, "Mwanangu, wakinirudisha leo, naenda kwa yule mzee wa wembe kijijini."

Hakuwa anatania.

Utaratibu wa pale ni huu: unavua ndala, unazipanga ukutani, zinakushikia foleni, wewe unaenda kunywa chai. Ndala nyekundu za shangazi zilikuwa za kumi na moja.

Mimi nikikaa sehemu lazima nichunguze. Kumbe anayeitwa yuko kwenye chai. Akipatikana anachomwa ganzi, halafu daktari anakaa tu, anasubiri ganzi ishike. Na mtu wa kufunguliwa nyuzi, kazi ya dakika chache, amekwama nyuma ya watu wa kupasuliwa.

Siku hiyo kulikuwa na nesi mgeni, dada aliyehamia kutoka Newala. Akasimama juu ya zile ndala.

"Hizi za nani? Umekuja kufanywa nini?"

Akauliza jozi moja baada ya nyingine. Za nyuzi na vidonda akazipeleka mlango wa kushoto, huko nesi mwenzake anamaliza bila daktari. Za kupasuliwa zikabaki kulia, wanaingia wawili wawili: mmoja anapasuliwa, mwenzake nyuma ya pazia ganzi inashika.

Babu mmoja akagoma. "Binti, ndala zangu zimefika hapa alfajiri. Usiziguse."

"Shikamoo babu. Wewe ni nyuzi tu. Ukibaki huku utakaa mpaka alasiri."

"Marahaba. Sasa mbona huzihamishi?"

Benchi zima likacheka.

Walioenda kunywa chai nao nesi akawaambia asiyekaa na ndala zake anarukwa. Mama wa chai akahamishia birika lake barazani, biashara ikaendelea.

Adhana ya adhuhuri ilimkuta shangazi ameshatoka, bandeji mgongoni, analalamika: "Hata sijamaliza kumsimulia daktari, kumbe keshashona."

Tukatafuta ndala. Katika hamahama ile zimebaki moja nyekundu, moja ya bluu. Nikataka kuulizia, akanizuia, akazivaa hivyo hivyo mpaka Somanga, anacheka njia nzima.

Nilichojifunza: hakuongezwa daktari wala chumba. Mtu aliuliza mapema kila mmoja amefuata nini, basi.

Kwenu huko foleni za hospitali zinakwendaje? Tupeni uzoefu.

Na kama kuna mkuu humu alirudi nyumbani na ndala moja nyekundu na moja ya bluu, shangazi anafunguliwa nyuzi wiki ijayo. Atakuwa mlango wa kushoto.