Kitambulisho Chekundu

Kwa miaka saba Graciela alikuwa amepika katika kampuni ile ya kompyuta, San Francisco, akivaa kitambulisho chekundu cha vibarua wa wakala wa ajira. Walioajiriwa walivaa cha buluu, na wa buluu ndio waliokuwa na hisa.

Ijumaa bodi ilimfukuza mkurugenzi. Jumatatu wa buluu wakashikwa na umoja wa ghafla: wanalia, wanakumbatiana, wanaitana familia, na barua inazunguka kwamba asiporudishwa wote wanaacha kazi. Kwamba mwezi uliofuata hisa zao zingeuzwa, na bila bwana huyo hazina mnunuzi, hilo walilinong'ona kwenye foleni ya supu, mbele ya Graciela, kana kwamba yeye ni sufuria.

Mhandisi Tobin, macho mekundu kwa kilio, alimsogezea simu yenye ile barua. "Weka sahihi, mama. Sisi sote ni kitu kimoja."

Graciela akajifuta mikono. Ndipo Tobin alipokiona kitambulisho.

"Ah, samahani. Hii ni ya wafanyakazi."

"Na mimi hapa naota jua?"

Mwaka jana, wakala alipowafukuza wapishi watatu, Graciela alizungusha barua yake ya kuwatetea meza kwa meza. Tobin alisema haingilii siasa za jikoni.

Jumatano mkurugenzi alirudishwa. Tobin akaagiza keki ya mshikamano, maneno ya juu achague mpishi. Graciela akaandika kwa krimu bei ya hisa moja.

Walipoiona, wakapiga makofi zaidi kuliko walivyompigia mkurugenzi.