Msitu wa Madodoki

Boga wa Diani aliwahi kuwa mwizi, na wizi wenyewe aliufanya kwa ruhusa ya tajiri wake, amevaa kanzu nyeupe ya kuandalia chai.

Tajiri huyo, Mzungu tuliyemwita Bwana Miwani, alikuwa na vijisanamu vya madini ya risasi: maaskari wa mfalme wa kale wa kwao, wamepanda farasi, wamevaa chuma mpaka puani, na mwizi mmoja aliyeiba paa wa mfalme. Juu ya meza ya kulia alipanda msitu wa madodoki yaliyochovywa rangi ya kijani. Basi watu wazima na ndevu zao hurusha dadu, maaskari wakamfukuza mwizi mitini. Akifika ukingo wa meza, ameokoka. Wageni wote walitaka uaskari, kwa hivyo mwizi akawa Boga. Na chakula kikipoa, wa kulaumiwa ni yeye vilevile.

Nyuma ya nyumba palikuwa na msitu wa kweli. Humo ndimo alimozaliwa Boga, ndimo lilimokuwa kaburi la mamake na nyumba yake ya makuti. Minazi aliipanda babake. Hati ni ya Bwana Miwani. Kwetu Pwani mtu aweza kuumiliki mnazi asiumiliki udongo unaoushika, na bado tunajiita watu wenye akili.

Mwezi wa bendera mpya, Bwana Miwani akifunga masanduku arudi kwao, alimwambia, "Boga, mchezo wa mwisho. Ukiokoka, msitu ni wako."

"Wote, bwana?"

"Wote. Neno langu."

Boga alirusha dadu. Sita. Sita tena. Mwizi akapenya hadi ukingoni, na Bwana Miwani akacheka, akampa mkono.

Mkewe Mbodze hakupiga kigelegele. "Umemuuliza msitu gani?"

"We mwanamke, hata bahati waionea wivu! Kwani anayo mingapi?"

Alikuwa nayo miwili. Siku ya safari Boga alikabidhiwa sanduku: madodoki yote, na vijisanamu kama bakshishi. Ule msitu mwingine ulikuwa umeshauzwa kwa mheshimiwa mmoja, Mwafrika mwenzetu, aliyehutubia vizuri sana juu ya uhuru kisha akaleta maaskari.

Hawa hawakuwa na farasi. Walikuja na Landrova. Boga aliwakabili mbele ya kaburi, sanduku kifuani.

"Nilishinda mimi! Muulizeni bwana."

"Yuko wapi huyo bwana wako, mzee?"

"Melini."

Walicheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakayatia makuti moto. Boga na Mbodze walikimbia mitini, marungu nyuma yao, hadi ukingo wa msitu. Hapo palikuwa na barabara ya Msambweni, na hakuna aliyewaambia wameokoka.

Boga alifia Msambweni kwa shemeji yake. Aliomba alazwe ubavuni mwa mamake. Mlinzi wa mheshimiwa alilirudisha jeneza getini. Madodoki, Mbodze aliyasugulia masufuria. Yalichuja rangi, wali wa matanga ukaiva kijani, na watu tukala.