Runji Aliyekataa Kuacha Somo

Mwisho wa kidato cha pili, mwaka wa 1993, darasa letu lilikuwa na furaha ya watu wanaotolewa jela. Kwa miaka miwili tulikuwa tumesomeshwa kila kitu ambacho binadamu amewahi kukifikiria: hesabu, ramani, mbolea, mitume, mzunguko wa damu, hundi za benki, vita vya Wazungu na jinsi ya kuchora chungu. Sasa tukaambiwa tuchague tunayoyataka, mengine tuyaache. Wengine waliacha Fizikia wakiimba. Mimi niliuaga Muziki bila machozi, na Muziki nao nadhani ulishukuru.

Elphas Runji peke yake ndiye aliyekataa kuacha chochote.

Runji alikuwa mtoto wa Mzee Gitari, mkulima wa kahawa huko Kianjokoma na mzee wa kanisa ambaye akibariki chakula, chakula kilipoa. Hakuwa na akili za kutisha. Katika mitihani alikaa katikati ya darasa, mahali ambapo walimu hawakusifu wala hawakuchapa. Ila alikuwa na uroho wa masomo jinsi wengine wetu tulivyokuwa na uroho wa nyama. Ukimwambia Jiografia haina faida, alikutazama kana kwamba umemtukana mama yake.

Mwalimu mkuu, Bwana Gichovi, akamwita ofisini. Mimi nilikuwa mlangoni nikingoja zamu yangu ya kiboko, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Runji, umeandika Fizikia na Sayansikimu. Masomo haya yanafundishwa saa zile zile. Utajikata vipande?"

"Nitakimbia, mwalimu."

"Na Sayansikimu ni ya wasichana. Wewe unaitaka ya nini?"

"Wao hupika, mwalimu. Halafu hula walichopika."

Hapo alikuwa na hoja. Sisi wengine tulikuwa tukila githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, yenye fukusi wengi kuliko maharagwe. Lakini Gichovi hakula githeri hiyo, kwa hiyo akamwambia Runji alete mzazi.

Mzee Gitari akaja kesho yake amevaa koti la Jumapili. Nyumbani kwao walizungumza Kiembu tu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kununulia mbolea.

"Mwalimu, huyu kijana amekataa kusoma?"

"Hapana, mzee. Amekataa kuacha. Anang'ang'ania Fizikia, na Sayansikimu pia."

"Hiyo ni sayansi?"

"Ni sayansi, lakini..."

"Na hii ingine, ya fisi?"

"Fizikia. Hiyo pia ni sayansi, lakini..."

"Sasa wewe unanyima mtoto sayansi kwa nini? Mimi naleta yeye asome, wewe unasema asome kidogo?"

Gichovi alijaribu kueleza maana ya lile neno "kimu", lakini mzee alikwisha simama na kuvaa kofia. Jumapili iliyofuata akawatangazia waumini kwamba mwanawe amewekwa kwenye sayansi mbili, moja ikiwa ya siri hivi kwamba hakuna mvulana mwingine aliyeruhusiwa kuisoma. Waumini wakapiga makofi.

Basi Runji akawa wa kukimbia. Mwalimu Kailemia wa Fizikia, Mmeru wa Laare, alifundisha kwa kasi sana akitafuna miraa, na Runji akichelewa kidogo alikuta umeme umekwisha na wameingia kwenye mwanga. Ng'ambo ya uwanja, Madam Felicitas wa Sayansikimu alitaka mikono ioshwe hadi kwenye viwiko. Siku moja Runji aliacha keki ndani ya oveni akaenda kusikiliza habari za msuguano. Moshi ulipotanda, Kailemia aliuona dirishani, akasema, "Runji, nenda ukaone nishati inavyobadilika umbo."

Mambo yaliharibika siku ya wazazi, mwaka uliofuata. Wageni wa heshima waliandaliwa chai na darasa la Sayansikimu. Mzee Gitari alikuwa amekuja na wazee wawili wa kanisa ili waione ile sayansi kwa macho yao. Mlango wa jikoni ukafunguka, wakatoka wasichana na sinia za keki, na nyuma yao Runji, amevaa aproni nyeupe yenye maua na lesi pembeni, kwa sababu Madam Felicitas hakuwahi kushona ya mvulana.

Alifika mezani kwa baba yake, akainama kama alivyofundishwa.

"Runji," mzee akasema. "Nani amekuvalisha hii nguo?"

"Ni ya somo, Baba."

"Somo gani?"

"Sayansikimu."

Mzee Gitari aliitazama aproni, akaitazama keki, kisha akawatazama wale wazee. Mmoja wao, Mzee Muriuki, alikuwa tayari amejaza mdomo. "Gitari," akasema, makombo yakimtoka, "hii sayansi ni tamu."

Meza nzima ikacheka. Mzee Gitari akanyanyuka, akaenda moja kwa moja kwa Gichovi kudai mtoto atolewe huko jikoni. Gichovi akamjibu kwa upole kwamba haiwezekani, majina ya mtihani yameshapelekwa Nairobi. Majina hayakuwa yamepelekwa popote, lakini Gichovi naye alikuwa amekula keki.

Mama yake Runji, Wawira, alipopata habari alicheka hadi akakaa chini katikati ya miche ya kahawa. Mzee hakucheka. Aliacha kabisa kusema na mwanawe. Wakiwa meza moja, alimwambia mkewe, "Mwambie yule mpishi alete chumvi." Runji alizoea kuchekwa na sisi, na hata alipopachikwa jina la Madam Elphas aliliitikia. Lakini hilo la chumvi lilimuuma. Alianza kukaa shuleni hadi jioni, na nilipomuuliza kwa nini, alisema anasoma. Kitabu kilikuwa juu chini.

Likizo ya Agosti, Wawira akaenda Embu mjini, mtaa wa Dallas, kumuuguza dada yake. Nyumbani wakabaki wanaume wawili wasiosemezana. Mzee Gitari hakuwahi kuchemsha hata maji ya kunyoa. Siku ya kwanza alikula viazi baridi akiwa amesimama. Siku ya pili Runji akaingia jikoni, akakaanga vitunguu, akapika mchuzi wa kuku na chapati, akatenga sahani mbili na kuketi.

Mzee alibariki chakula kwa ufupi ambao haukuwahi kusikika katika nyumba ile. Akala. Akasukuma sahani mbele, ikajazwa tena, akala.

"Na ile ya fisi," akasema hatimaye, akiitazama chapati, "hapo wanafundisha nini?"

Runji akamwambia. Alianza na Fizikia, akaingia Kemia, akapitia mzunguko wa damu, hundi na jinsi dunia inavyolizunguka jua. Damu mzee aliikubali. Kuhusu dunia, alisema hilo wangelizungumza na kasisi. Lakini aliendelea kuuliza siku zote hizo mkewe alipokuwa mbali, na Wawira aliporudi alishangaa kukuta wanabishana kuhusu Wajerumani.

Mtihani wa mwisho tuliufanya mwaka wa 1995. Runji alipata B ya Sayansikimu, D ya Fizikia, na nyingine zote zilikuwa C, zimejipanga kama maharagwe. Jumla ikawa C. Chuo kikuu hakikumwita. Watu walisema amefukuza sungura wengi akarudi na mkia. Mimi hata mkia sikuupata.

Alikaa kwenye kahawa mwaka mmoja. Kisha akasikia kuna shule ya upili changa kule chini Umbeere, kwenye joto na vumbi, inayotafuta walimu wa muda. Mwalimu mkuu wake, mama mmoja aitwaye Bi Igoki, alimuuliza, "Unafundisha somo gani?"

"Mnakosa lipi?"

"Karibu yote."

"Hayo ndiyo yangu."

Alifundisha huko miaka miwili, Historia asubuhi, Biolojia kabla ya chakula, na Fizikia mchana pale tu alipokuwa amekosa kisingizio. Kisha akaingia chuo cha walimu wa msingi, mahali ambapo mwanafunzi husoma masomo yote na haruhusiwi kuacha hata moja. Wenzake walilia. Yeye aliniambia kwamba hajawahi kunenepa hivyo.

Nilimtembelea shuleni kwake mara moja, akiwa na darasa la saba. Alikuwa anaeleza jinsi nyuki wanavyobeba chavua kwenye maua ya kahawa, na msichana mmoja akauliza nyuki hulipwa nini kwa kazi hiyo.

Runji akafunga kitabu cha Sayansi. "Hilo ni swali la Biashara," akasema. "Toeni vitabu vya Biashara."