Huruma Asilimia Themanini

Jumatatu, saa sita na nusu mchana, kitambaa cha kufutia vioo kiliandika Kichina.

Kilikuwa kitambaa cha duka la fotokopi, cheusi kwa wino wa mashine. Aliyekishika ni yule kijana ambaye ukoo mzima humwita Injinia, ingawa cheti pekee alichotundika ukutani ni cha kuchangia damu. Alikuwa anafuta simu yake. Programu aliyoitengeneza mwenyewe, ya kujifunza kuandika herufi za Kichina kwa kidole, ilikuwa wazi. Kitambaa kikapanda, kikashuka, kikazunguka mara mbili juu ya doa lililogoma kutoka. Simu ikalia kengele ya furaha. Hongera sana. Asilimia tisini na mbili. Umeandika "sanduku".

Sanduku, kwa Kichina, ni herufi yenye mistari kumi na mitano. Injinia aliitazama simu, akakitazama kitambaa. Akajaribu kwa kiwiko, akapata themanini na tisa. Akajaribu kwa pua. Mteja aliyekuwa amesimama na vyeti vyake vya kutoa nakala akasema atarudi kesho. Pua ilipata tisini na tano.

Siku nyingine angecheka mpaka mbavu zimuume. Lakini mdogo wake wa kike alikuwa amejifunzia programu hiyo hiyo kwa miezi minne, na Alhamisi saa nne asubuhi alikuwa na mtihani.

Huyo dada alifanya kazi kwenye ghala la vipuri vya pikipiki, mstari wa kufungasha, ambako watu husimama saa tisa mfululizo wakibandika utepe mpaka miguu inakuwa kama ya kuazima. Ghala lilikuwa linatafuta karani wa lebo, mtu wa kuandika kwa kalamu nene, kwa Kichina, kilichomo ndani ya kila sanduku. Karani wa lebo anakaa kwenye kiti. Mtihani wenyewe ulikuwa mfupi: meneja wa stoo anataja maneno arobaini ya orodha waliyopewa mapema, mwombaji anaandika juu ya masanduku ya kweli, kwa sababu meneja hapendi kuharibu karatasi.

Kwenye maneno yote arobaini dada alikuwa na wastani wa tisini na saba. Kwa nguvu ya hiyo tisini na saba alimwendea msimamizi wa mstari, akamwambia aanze kutafuta mtu wa kusimama pale pake, na akaongeza mambo mawili matatu kuhusu harufu ya mdomo wake. Msimamizi, ambaye hajawahi kuharakisha jambo lolote tangu aajiriwe, alipata mtu wa kuanza Alhamisi kabla ya saa kumi ya siku ile ile.

Basi tuseme ukweli kuhusu hiyo tisini na saba. Ndani ya programu kulikuwa na namba moja ambayo Injinia aliipa jina la huruma. Huruma ikiwa sifuri, mstari ukienda kombo kidogo tu unageuka mwekundu. Huruma ikipanda, programu inafumba jicho moja. Mwanzoni aliiweka kumi, akawapa jamaa zake waijaribu, maana wajaribuji wa kulipwa aliwasikia kwenye video tu.

Mama yake alipata kumi na moja kwa mia. Aliiweka simu mezani taratibu, na kwa siku mbili akawa anamwitikia salamu kama mtu wa benki. Injinia akapandisha huruma hadi thelathini.

Akaja shangazi, mwanamke ambaye hata daktari husimama anapompa matokeo. Alichora kitu kama kuku aliyekanyagwa, skrini yote ikawa nyekundu.

"Yaani mashine uliyoitengeneza wewe ndiyo inaniambia mimi nimekosea?" aliuliza. "Mimi niliyekuogesha?"

Huruma ikaenda hamsini na tano. Mjomba, karani mstaafu anayesifiwa mwandiko tangu enzi za kalamu ya kuchovya, alipewa sitini na mbili kwa mia na akaanza kutafuta kofia yake aondoke. Kabla hajaipata, huruma ilishafika themanini, na chini ya kila herufi kulikuwa na maandishi ya dhahabu: Hongera sana. Amani ikarudi nyumbani. Injinia akasahau kuishusha. Toleo hilo la familia ndilo lililoingia kwenye simu ya mdogo wake.

Alasiri ile ya Jumatatu hakutoa nakala moja iliyonyooka. Wazo lake la kwanza lilikuwa la mwoga: ashushe huruma kidogo kidogo, kumi leo, kumi kesho, dada adhani ni uchovu. Akashusha ishirini kwa pupa, akamtumia dada toleo jipya aliweke kwenye simu yake. Baada ya robo saa simu ikaita. Dada alisema programu inaumwa, imempa sabini na moja kwenye neno analoliandika hata akisinzia. Injinia akasema ni mtandao. Programu yenyewe ikishawekwa haitumii mtandao, na dada alilijua hilo kwa sababu ndiyo sifa aliyoitangazia mtaa mzima.

Alipofika nyumbani jioni alimkuta mezani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, daftari limefunguliwa. Injinia alikaa, akasimama, akakaa tena. Kisha akamweleza yote: kitambaa, kiwiko, pua, shangazi.

"Kwa hiyo ile tisini na saba yangu," dada alisema, "ilikuwa nini?"

"Ilikuwa ya kifamilia."

Hakumtukana. Hilo lilimtisha Injinia kuliko matusi, kwa sababu huyu ni mtu anayeweza kumtukana bomba lisilotoa maji. Alimsukumia simu. "Shusha."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho, kaka. Mimi si shangazi yako."

Kwenye sifuri, maneno yaliyosimama yalikuwa kumi na manne kati ya arobaini. Mengine yalikuwa mekundu kama upele. Kibaya zaidi kilikuwa "kushoto" na "kulia", maneno mawili ambayo ghala lenye vioo vya pembeni vya pikipiki haliwezi kuishi bila hayo. Herufi zake zinafanana kama mapacha, zote mistari mitano. Tofauti iko chini tu, ambako ya kulia ina kiboksi na ya kushoto ina kitu kama kipande cha reli. Kwa miezi minne dada alikuwa akiandika chochote kilichomjia, na programu ikimpigia makofi.

Jumanne na Jumatano aliandika mahali popote palipokubali kuandikwa. Aliandika kwenye utepe, kwenye paja, kwenye vumbi la dirisha la choo cha kazini. Shangazi alipita Jumatano kumpa moyo, akasema mbona herufi zote ni nzuri, watu wanajitafutia presha tu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo, mtu alimwomba shangazi anyamaze. Injinia alikuwa anahesabu: ishirini na tatu, thelathini, thelathini na nne, kisha zikarudi ishirini na tisa, naye akashindwa kula.

Alhamisi saa saba mchana dada aliingia dukani, uso umempauka.

"Meneja kasema nzuri," alisema. "Zote."

Injinia akataka kushangilia. Dada akamzuia kwa mkono.

"Alikuwa anasema nzuri kabla sijamaliza kuandika. Anaongea na simu huku anasema nzuri. Kaka, huyo hakuangalia."

Kazi alipewa, aanze kesho. Ila masanduku aliyoyaandika yalikuwa tayari yanapangwa kwa ajili ya lori la saa kumi, na dada hakuwa na hakika hata na moja. Hakuwa tena mtu wa kuamini neno "nzuri". Alivuta fotokopi zilizoharibika, akazigeuza, akaandika maneno yote arobaini kama alivyoyaandika asubuhi, kwa mpangilio ule ule, bila kurekebisha chochote. Kisha akayapitisha moja moja kwenye simu kwa kidole. Injinia alisimama nyuma yake akishikilia ukingo wa meza.

Thelathini na tisa zilipita. Moja ikawa nyekundu chini, mahali pa kiboksi. Alikuwa ameandika kulia kwenye sanduku la vioo vya kushoto.

Injinia alimwambia aache. Sanduku moja tu, ndani ya lori zima, nani atajua. Kazi ameshaipata, na mstarini amesimama mtu mwingine. Akienda kusema, meneja atayaona makosa ambayo yeye mwenyewe hakuyaona, na hakuna bosi anayempenda mtu wa namna hiyo. Aliyasema haya kwa sauti ile ile aliyomwambia ni mtandao, na mwenyewe aliisikia.

"Nilikwambia mpaka mwisho, kaka," dada alisema. Akachukua kalamu nene kwenye kikombe cha duka, ya bosi wa Injinia, akaondoka.

Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja. Injinia alitoa nakala sitini za barua ya mtu, zote kichwa chini. Saa kumi na moja na nusu simu ikaita, nyuma kukisikika masanduku yanayoburutwa na mtu anayefoka.

Dada alizungumza haraka. Meneja amekasirika, si mchezo. Kasema kama moja limekosewa basi yaweza kuwa hamsini, na hajui ni ya nani, ya dada au ya karani aliyeacha kazi. Lori limezimwa. Masanduku yote mia mbili na kumi yameshushwa chini, na adhabu aliyompa dada ni kuyakagua moja moja kabla hajaondoka mtu.

"Amekufukuza?" Injinia aliuliza.

"Sijui. Hajasema." Kalamu ilikwaruza juu ya boksi. "Amenipa kiti."