Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Hasira yangu haina breki. Mume wangu, ambaye ni mwanajeshi, hupenda kuwaambia wageni kwamba alijifunza kujikinga hapa nyumbani kabla jeshi halijamfundisha. Basi alipopelekwa Somalia kulinda amani, niliachwa na watoto, shamba la majani chai, ng'ombe mmoja na hasira hiyo, na mtu wa kumtolea hakuwepo.

Watu huuliza wake za wanajeshi kama tunaogopa. Tunaogopa, ndiyo. Lakini majani hayajui kwamba unaogopa. Yakiiva yanataka kuchumwa, na usipoyachuma yanakomaa, na karani wa banda la kupimia anayakataa mbele ya watu. Kwa hiyo nilikuwa naamka, naomba, nafunga nailoni yangu kiunoni kujikinga na umande, naingia shambani. Simu niliitia ndani ya soksi ili isiloe. Ikitikisika mguuni, moyo nao unatikisika.

Katikati ya muda huo mama mkwe wangu akafariki.

Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkono mzuri wa mursik. Kwa asiyejua, mursik ni maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu. Kwanza unachoma kijiti cha mti wa senetwet mpaka kiwe kaa, unalisaga kaa hilo ndani ya kibuyu kwa kijiti kingine chenye kichwa kama brashi, ukuta wa ndani unakuwa mweusi ti, ndipo unatia maziwa, unafunika na kungoja. Mtu wa kwetu akitoka mbali hukaribishwa kwa hayo. Chai haitoshi, chai tunayo mpaka mlangoni.

Tangu mwanawe aingie jeshini, mama alimtengea kibuyu chake, chenye mkanda wa ngozi na shanga shingoni. Kila likizo alimtilia humo. Hakuna mwingine aliyekinywea, hata mimi niliyemzalia wajukuu, na niliwahi kumwambia hivyo. Alicheka tu.

Alipofariki, mume wangu hakuweza kufika kwa maziko. Alisikiliza kwa simu. Wiki iliyofuata alinipigia, sauti yake kavu kama ya mtu anayesoma tangazo. Hakuuliza nani alikuja wala nani hakuja. Aliuliza kitu kimoja.

"Kibuyu cha mama kiko?"

"Kiko."

"Ndani bado kuna ile kaa aliweka yeye?"

"Iko. Alikuwa amekitayarisha akingoja likizo yako."

"Basi usikiguse. Nikirudi utatia maziwa juu ya hiyo kaa yake. Nataka nionje mkono yake mara moja ya mwisho."

Nikakitundika juu ya kabati, mdomo ukiwa umefunikwa. Watoto niliwaambia atakayekigusa atahamia kwa shangazi yake.

Sasa niseme kuhusu jirani yangu, maana bila yeye sina la kuandika. Ni mama wa makamo aliyetoka upande wa Mlima Kenya zamani, akafungua duka la sukari, unga na mafuta ya taa ng'ambo ya barabara, mkabala na lango letu, si mbali na Litein. Sauti yake inafika banda la majani bila simu. Mursik huiita "maziwa ya majivu", na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuionja hata kwa adabu. Lakini mwaka ule alikuwa akifunga duka katikati ya mchana, saa ambazo wateja wapo, anakuja na kikapu chake mwenyewe anashika mstari karibu na wangu. Kuchuma hajui vizuri. Alikuwa akivuna na yale mazee yasiyotakiwa, mimi nayatoa nyuma yake nikinung'unika. Siku ya maziko ndiye aliyeishika simu ya video ili mume wangu afuatilie. Mvua ilikuwa inanyesha. Alijifunika leso kichwani yeye na simu pamoja, akasimama ukingoni mwa kaburi mpaka mwisho. Mimi nilikuwa mbele na watoto, nikilia kilio changu, sikumtazama.

Wanasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali haisemi akikuharibia kitu katika kukufaa umfanyeje.

Zilikuwa zimebaki wiki chache mume wangu arudi. Mtoto wetu wa mwisho akashikwa na homa ya mapafu, tukalazwa hospitalini Kericho. Jirani aliniambia, "Enda. Hapa niachie." Akakamua ng'ombe, akalisha kuku, akawapeleka wakubwa shule, akachuma majani. Nami nilikaa kando ya kitanda cha mtoto nikimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Tuliporudi nilikuta ua umefagiwa. Masufuria yalikuwa yanang'aa mpaka matakoni. Mapazia yalikuwa yamefuliwa. Na juu ya uchaga wa vyombo, juani, kibuyu cha mama mkwe kilikuwa kimelala mdomo wazi. Nilichungulia ndani. Kilikuwa kimesuguliwa mpaka kikawa rangi ya uji. Kilinukia sabuni ya kufulia.

Jirani alitokea jikoni akipangusa mikono, uso umejaa furaha. "Umeona? Nilisikia Afande anakuja. Hiyo kibuyu ilikuwa na masizi, ah! Nimeisugua na waya nusu siku. Sasa mtaweka maziwa mahali safi."

Niliyomwambia sitayaandika hapa. Nilimwambia mama huyo alikuwa amekufa mara moja, na sasa yeye amemuua mara ya pili. Hilo ndilo la upole kati ya yote. Alivua aproni yangu, akaitundika msumarini, akavuka barabara. Jikoni aliacha githeri yake ya mahindi na maharagwe ikiwa moto.

Asubuhi kibuyu hakikuwepo. Binti yangu aliniambia jirani alikuja alfajiri akakiomba, naye akampa kwa kuwa aliomba akilia. Nilipandwa na hasira upya, lakini duka lilikuwa limefungwa. Baadaye nikasikia amepanda bodaboda hadi Kiptere kwa shangazi ya mume wangu, bibi mkongwe ambaye Kiswahili chake ni cha kuokota, kumwuliza jinsi ya kutoa sabuni kwenye kibuyu. Hao wawili walielewanaje, mimi sijui mpaka leo. Alirudi na mzigo wa vijiti vya senetwet.

Tangu hapo kila siku moshi ulitoka nyuma ya duka. Nilijifanya siuoni. Alikuwa akikijaza maji ya moto, anakiacha kilale nayo, anakimwaga, anatia makaa, anatikisa. Kisha anatia maziwa ya kununua, anayaacha yachukue sabuni, anampa mbwa. Anaanza tena. Mbwa wake alinenepa. Mimi nilikuwa nachuma majani nikisikia makaa yakigonga ndani ya kibuyu, kwa jinsi ua wake ulivyo karibu, na nikijua kwa mlio tu kwamba anatia makaa makubwa mno.

Siku moja uzalendo ukanishinda. Nilivuka barabara na kikapu mgongoni.

"Utakiunguza! Nani alikwambia utie makaa ya kuchomea mahindi?"

"Shangazi yenu alionyesha na mkono hivi."

"Mkono wa shangazi unatetemeka! Leta hapa."

Tukakaa chini pale, nyuma ya duka, magunia matupu yakiwa viti vyetu. Nilimwonyesha jinsi ya kusaga kaa kidogo kidogo ukizungusha mkono, mpaka ukuta ushike weusi. Tulikuwa bado hatujasalimiana. Baadaye nikamwuliza kwa nini anafunga duka kila siku kwa ajili ya shamba la mwenzake na kibuyu cha maziwa asiyoyapenda.

"Wewe hukumbuki?" akaniuliza. "Bwana yako alikaa kwa mlango yangu."

Nilikumbuka. Mwaka ule wa uchaguzi uliochafuka, watu wa kwao walipokuwa wakifunga maduka na kuondoka kwa hofu, mume wangu alikuwa likizo. Alibeba kiti chetu cha mbao, akavuka barabara, akaketi mbele ya duka lake na gazeti la zamani. Kesho yake tena. Vijana walipita makundi kwa makundi, wakamsalimu, naye akawasalimu, akafungua ukurasa. Duka halikuguswa. Mimi nilikuwa namlaumu kwamba likizo inaisha na boma halijazibwa.

"Hakuniambia kitu," jirani akasema. "Hakutaka hata asante. Jioni alikuwa anachukua kiti anaenda. Sasa yeye yuko mbali, mlango yake nani atakaa? Nikasema ni mimi. Halafu angalia nimefanya nini."

Nikaendelea kusaga kaa. Nilimshukuru siku hiyo, kwa mdomo wangu, na nikamwomba msamaha kwa mdomo uleule. Lakini tulijua wote wawili kwamba tunachorudisha ni kibuyu tu. Kaa la mama lilikuwa limekwenda na maji ya sabuni, na kaa letu haliwezi kuwa lake.

Mume wangu alirudi siku ya baridi, amekonda, weusi wa uso umezidi. Hakutaka nyimbo wala bodaboda za kumsindikiza. Alikula, akalala, akaenda kusimama kaburini peke yake. Aliporudi aliketi sebuleni akaniangalia.

"Leta kibuyu."

Nilikileta. Maziwa yalikuwa yameiva. Nilikuwa bado sijamwambia. Ndipo jirani akaingia bila hodi, na aproni ya duka bado kiunoni. Alikuwa amemwona akitoka kaburini.

"Afande, kabla ukunywe. Bibi yako hana makosa. Hiyo kibuyu ni mimi niliosha. Na sabuni. Kile mama yako aliwacha ndani, nilitoa yote."

Mume wangu alitoa kifuniko, akachungulia ndani. Kisha akatikisa kibuyu taratibu, akamimina kikombe, akanywa. Tulimtazama koo lake.

"Iko na sabuni," akasema.

Jirani akaangua kilio. Ana kilio cha peke yake huyo mama: hushika pumzi mpaka unadhani amenyamaza, halafu inatoka kwa kwikwi fupi fupi, kama pampu inayovuta maji yasiyotaka kuja.

Mume wangu akaweka kikombe mezani. Akasikiliza. Nilimwona akisikiliza kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

"Siku ya kuzika mama," akauliza, "nani alikuwa ameshika simu?"

Nikamnyooshea jirani mdomo.

"Picha ilikatika mapema," akasema. "Pasta sikumsikia. Mvua ilimeza kila kitu. Nilikuwa nimekaa kwa gunia za mchanga, simu kwa sikio, na kitu nilisikia ni mtu mmoja tu, analia karibu na mimi, hivi hivi. Mpaka mwisho hakuniacha. Nikasema, angalau mama watoto yuko na mimi." Akanigeukia. "Nilidhani ni wewe. Sikuuliza."

Akamwangalia jirani tena. "Kumbe mama tulimzika na wewe."

Hapo ndipo mume wangu alimlilia mama yake. Hakuwa amelia kwa simu, wala kaburini. Alilia ameketi wima, mikono magotini, na jirani akalia naye, na mimi nikalia kwa shukrani, sioni haya kusema. Watoto walichungulia mlangoni wakaondoka.

Aliponyamaza alimimina kikombe cha pili, akainuka, akampa jirani kwa mikono miwili.

"Kongoi, mama," akasema. Kwetu hiyo ndiyo asante.

Nilijua atakataa. Maziwa ya majivu. Lakini alikipokea, akafumba macho, akanywa mpaka chini, akabaki na masharubu ya kijivu. Akafikiri kidogo.

"Kweli," akasema, "iko na sabuni."

Mume wangu akacheka. Akanikabidhi kibuyu nikakitie maziwa mengine, na nilipofika mlangoni akaniita.

"Usiioshe tena," akasema. "Hiyo sabuni iache."